Hamsini kwa hamsini: yanayosemwa kuhusu uzito wa magari ya michezo ya zamani

Wapenzi wa magari ya michezo ya zamani wana namba moja wanayoitaja kwa heshima kubwa: 50:50. Gari ambalo nusu ya uzito wake imebebwa na magurudumu ya mbele na nusu nyingine na ya nyuma huhesabiwa kuwa limekamilika, na kadiri lingine linavyoikimbia namba hiyo ndivyo linavyotiliwa shaka. Ndiyo maana Porsche 911 za mwanzo bado zinaogopwa, magari ya Kiingereza yenye injini kubwa mbele yanaambiwa hayajui kupinda, na kila lenye injini katikati, yaani kati ya dereva na ekseli ya nyuma, linamwagiwa sifa, hata lisilozistahili. Katika maneno hayo yote mna chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoufanya uongo uliobaki uwe mgumu kung'oka.

Tuanze na namba yenyewe inavyopatikana. Gari hupandishwa juu ya mizani nne, kila gurudumu na mizani yake. Unajumlisha zile mbili za mbele, unagawanya kwa uzito wote, unapata asilimia ya mbele. Gari limesimama, injini imezimwa, usukani umenyooka. Mara nyingi namba inayochapishwa haisemi kama dereva alikuwa ndani, wala tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Chukua gari dogo la wazi la viti viwili, kilo 700 likiwa tupu, na tuseme limegawanyika sawasawa: 350 mbele, 350 nyuma. Magari ya aina hii yana boneti ndefu, kwa hiyo dereva hukaa karibu na ekseli ya nyuma. Akiwa na kilo 80, na kiti chake kikiwa kwenye asilimia 70 ya umbali kutoka ekseli ya mbele kwenda ya nyuma, kilo 56 zake zinaangukia nyuma na 24 mbele. Tayari mizani zinasoma 374 kwa 406. Sasa jaza tangi. Lita 50 za petroli zina uzito wa kama kilo 37, na katika magari mengi ya enzi hizo tangi lilikaa kwenye buti, nyuma ya ekseli. Tuseme limeipita ekseli kwa sehemu moja ya saba ya umbali ulio kati ya ekseli mbili. Mzigo uliokaa nje ya ekseli namna hiyo hubonyeza upande wake na kunyanyua upande wa pili: nyuma inaongezeka zaidi ya kilo 42, mbele inapungua zaidi ya 5. Jumla sasa ni kilo 817, na mgawanyo umekuwa asilimia 45 mbele na 55 nyuma. Hakuna aliyeshika spana. Gari lile lile lililosifiwa kwa 50:50 limeondoka kituo cha mafuta likiwa na mkia mzito, na litaendelea kubadilika kadiri mafuta yanavyoungua.

Wahandisi walilijua jambo hili mapema. Auto Union, katika magari yao ya mashindano ya miaka ya 1930, waliweka tangi katikati, kati ya dereva na injini, ili mgawanyo usihamehame mbio zikiendelea. Lamborghini Miura ya mwaka 1966 ilifanya kinyume: injini ya silinda 12 ilikaa kimkingamo nyuma ya viti, tangi likawekwa puani. Tangi likijaa, pua ina uzito wa kutosha. Likikaribia kwisha, pua inakuwa nyepesi, na kwa kuwa umbo la gari lilikuwa linainuliwa na upepo mbele kwenye mwendo mkali, dereva mwenye mafuta kidogo aliishia kushika usukani usio na uzito mahali ambapo aliuhitaji zaidi.

Hadi hapo gari bado halijafunga breki wala kuingia kona. Tulifanye sasa lipime kilo 1,000, ekseli zake ziachane mita 2.4, na kitovu chake cha uzito kiwe nusu mita juu ya lami. Limegawanyika 500 kwa 500. Kanyaga breki kwa nguvu, kiasi cha asilimia 80 ya nguvu ya mvutano wa dunia, kiwango ambacho tairi zuri hukifikia kwenye lami kavu. Nguvu ya kusimamisha inafanya kazi chini kabisa, pale mpira unapogusa barabara, huku uzito wenyewe ukiwa nusu mita juu na ukitaka kuendelea mbele. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo inayoliinamisha gari. Hesabu yake ni fupi: 1,000 mara 0.8 mara 0.5, gawanya kwa 2.4. Jibu ni kilo 167 zinazohama kutoka nyuma kwenda mbele. Ile 500 kwa 500 imekuwa 667 kwa 333, na magurudumu ya nyuma hayana tena kazi kubwa ya kufanya.

Lipe gari la pili mgawanyo wa asilimia 40 mbele na 60 nyuma, ubaki na vipimo vingine vyote. Kwa breki ile ile linafika 567 kwa 433. Yaani gari linalodharauliwa kwa kukosa usawa ndilo linalokaribia usawa pale ambapo usawa unahitajika, na breki zake zote nne zinashiriki. Wakati wa kuondoka kwenye kona, uzito unaporudi nyuma, magurudumu yanayosukuma ndiyo yanayopata mgandamizo. Kwenye theluji na barafu faida hiyo haina mfano: 911 ilishinda Monte Carlo Rally mwaka 1968, 1969 na 1970, mara tatu mfululizo, dhidi ya magari ambayo kwenye karatasi yalikuwa na mgawanyo mzuri zaidi.

Kwa hiyo 50:50 ni maafikiano mazuri kwa gari la barabarani lenye injini mbele na msukumo nyuma, na BMW wana haki ya kujivunia kazi waliyoifanya kuifikia namba hiyo. Lakini ukimwachia mhandisi wa magari ya mbio achague kwa uhuru, kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, atapeleka uzito kidogo nyuma kila mara.

Tairi ndilo linaloamua

Imani iliyoenea kuliko zote ni hii: pua nzito hulifanya gari likatae kupinda, mkia mzito hulifanya lizunguke. Inasikika kuwa na mantiki, na hata mafundi wazuri huirudia. Ili kuona inapopungukiwa, lazima tuliangalie tairi lenyewe.

Tairi likibebeshwa uzito zaidi linashika zaidi, ila si kwa kiwango kile kile. Tuseme tairi lenye kilo 250 juu yake linaweza kuhimili kilo 250 za nguvu ya kando. Ukilibebesha 400 halikupi 400, linakupa labda 370. Mwenzake wa upande wa ndani wa kona, aliyebakiwa na 100, anakupa kama 105. Jozi iliyokuwa inatoa 500 sasa inatoa 475. Namba hizi ni za mfano, lakini tabia ni ya kila tairi la mpira. Jozi ya magurudumu inapoteza mshiko kadiri uzito unavyohama kutoka gurudumu la ndani kwenda la nje.

Na uzito unaohama kando si mdogo. Lile gari letu la kilo 1,000, likiwa na upana wa mita 1.3 kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, likipinda kwa nguvu ile ile ya asilimia 80, linahamisha kilo 308 kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Tofauti kati ya gari la 50:50 na la 45:55 ni kilo 50 tu. Swali lenye uzito basi ni hili: kati ya zile kilo 308, ngapi zinapitia ekseli ya mbele na ngapi ya nyuma? Jibu haliko kwenye mizani. Liko kwenye ugumu wa springi na kwenye stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Weka stabilaiza nene mbele, na ekseli ya mbele itabeba sehemu kubwa ya uhamisho, itapoteza mshiko zaidi, na pua itasukuma nje. Ifunge nyuma, mkia ndio utakaoanza kuteleza. Hukuhamisha hata gramu moja, na gari limebadilika tabia.

Hata upepo wa matairi unatosha. Chevrolet Corvair ya Marekani, iliyotoka kwa mwaka wa modeli 1960 ikiwa na injini nyuma, iliagizwa na kiwanda ijazwe paundi 15 mbele na 26 nyuma. Tofauti hiyo inaonekana kama kosa la uchapaji, na wengi waliichukulia hivyo, lakini ilikusudiwa: matairi laini ya mbele yangeteleza kwanza, na dereva angepata onyo kabla mkia haujamtoka. Mwenye gari aliyejaza sawa magurudumu yote manne, kama alivyozoea kwenye magari mengine, aliondoa ulinzi huo bila kujua.

Mkia wa 911

Hakuna gari lililosemwa sana katika mjadala huu kama 911, iliyooneshwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963. Injini yake ya silinda sita inaning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, na takriban asilimia 60 ya uzito iko huko. Sifa yake mbaya haikuzushwa, ila maelezo yanayotolewa huwa yanakosa kitu.

Dereva anaingia kona kwa kasi kubwa mno, anaogopa, mguu unaachia mafuta. Injini inaanza kuvuta gari nyuma, uzito unakimbilia mbele, na matairi ya nyuma yanapunguziwa mgandamizo wakati ule ule ambapo yana kazi ya kuzuia asilimia 60 ya gari isitoke nje ya mstari. Matairi ya mbele, kwa upande wao, yamepata uzito na yanapinda kwa nguvu kuliko sekunde iliyopita. Zaidi ya hayo, mfumo wa nyuma wa wakati huo ulibadilisha kidogo mwelekeo wa magurudumu kila gari lilipoinuka au kushuka. Mambo matatu yanatokea kwa pamoja, na mgawanyo wa uzito ni moja kati yake. Dereva asiyeachia mafuta, aliyepunguza mwendo kabla ya kona na kuanza kuongeza mapema, haoni chochote cha kumtisha, bali anaona gari linalong'ang'ania lami kuliko mengine yote ya rika lake.

Ukifuatilia jinsi Porsche walivyolirekebisha gari hilo, unaona walivyoelewa tatizo hatua kwa hatua. Mwanzoni walificha vyuma vya kilo 11 kila kimoja kwenye pembe mbili za bampa ya mbele. Ni dawa isiyopendeza kwa kampuni inayohesabu kila gramu, lakini uzito uliokaa mbali hivyo una nguvu kuliko idadi ya kilo zake. Kwa modeli ya mwaka 1969 walifanya la maana zaidi: umbali kati ya ekseli ulitoka milimita 2,211 hadi 2,268, kwa kusogeza magurudumu ya nyuma huku injini ikibaki mahali pake. Milimita 57 tu, lakini sehemu ya injini iliyokuwa ikining'inia nje ilipungua na gari likatulia. Betri moja ikawa mbili ndogo, kila moja kwenye pembe yake ya mbele. Bloki ya injini ikawa ya magnesi badala ya alumini. Halafu Carrera RS ya 1973 ikaja na rimu za inchi 7 nyuma dhidi ya 6 mbele, pamoja na ule mkia wa bata juu ya kifuniko cha injini, unaopunguza nguvu ya hewa inayonyanyua nyuma kwenye mwendo mkali. Katika hatua hizo mbili za mwisho mgawanyo wa uzito haukuguswa. Kilichoongezwa ni uwezo wa mkia kuubeba uzito ulionao.

Kisha mwaka 1975 ikatoka Turbo yenye farasi 260, iliyopewa jina la pampu inayozungushwa na moshi wa injini ili kuiongezea hewa na nguvu, na sifa mbaya ikafufuka. Tatizo lake kubwa lilikuwa namna nguvu ilivyofika. Turbo za wakati huo zilichelewa: unakanyaga, hakuna kitu, halafu nguvu zote zinakuja kwa mpigo, pengine gari likiwa katikati ya kona. Dereva anashtuka, anaachia mafuta, na sasa yuko kwenye lile shimo tulilolieleza hapo juu. Kulaumu mahali injini ilipokaa bila kutaja turbo ni kumhukumu mmoja na kumwacha mwenzake.

Ekseli za kubembea

Kama kuna jambo moja ningependa kila mpenzi wa magari ya kale alifahamu, ni hili: magari mengi yaliyoshtakiwa kwa mkia mzito yalikuwa na kosa la ekseli. Katika muundo wa ekseli ya kubembea, kila gurudumu la nyuma limefungwa kwenye shafti moja ngumu inayojikunja sehemu moja tu, karibu na difu, lile sanduku la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Nyuma ya gari ikiinuka, magurudumu hayabaki wima. Yanaingia chini ya gari, kila moja likisimama kwa ukingo wake. Na kwenye kona kali, nguvu ya kando inayopita kwenye shafti hiyo yenyewe inalisukuma gari juu, kwa hiyo linaanza kujinyanyua, na kadiri linavyojinyanyua ndivyo tairi linavyopoteza uso wake wa kushika. Likishaanza linaendelea kwa haraka.

Ushahidi mzuri ni magari yenye ekseli hiyo na injini mbele. Mercedes-Benz 300 SL ya 1954, ile yenye milango inayofunguka juu, ilikuwa na injini mbele, imelazwa nyuzi 50 ili boneti iwe chini. Hata hivyo ilijulikana kwa mkia unaochomoka ghafla. Mwaka 1957 toleo la wazi lilipotoka, Mercedes waliacha injini pale pale wakabadilisha ekseli: kiungo cha kubembea kikashushwa chini, na tabia ikawa ya kistaarabu zaidi. Triumph Spitfire ya 1962, gari dogo lenye injini ya silinda nne mbele, ilikuwa na ugonjwa ule ule, hadi mwaka 1970 springi ya nyuma ilipofungwa kwa namna mpya iliyoiruhusu kujipinda katikati bila kuyabana magurudumu. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema Spitfire ina mkia mzito kwa sababu ya injini.

Corvair nayo iko hapa. Ilikuwa na injini nyuma na ekseli ya kubembea, na lawama zote zikaangukia injini. Mwaka 1964 iliongezewa stabilaiza mbele na springi ya kukatiza nyuma. Kwa modeli ya 1965 mfumo wote wa nyuma ukabadilishwa, injini ikiwa pale pale, na gari likawa miongoni mwa yanayopinda vizuri kuliko mengi ya Marekani ya wakati huo. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ikayapima hata yale ya kwanza, na ripoti yake ya 1972 ikasema hayakuwa na hatari ya kupinduka au kumtoka dereva kuliko magari mengine ya rika lake. Kufikia hapo utengenezaji wa Corvair ulikuwa umeshasimama tangu 1969.

Injini kubwa si lazima iwe nzito

Kwa magari ya injini mbele kuna mfano mmoja unaotosha, kwa sababu kiwanda kimoja kilifanya jaribio lenyewe bila kukusudia. MGB, gari la michezo la kampuni ya Kiingereza ya MG, ilikuwa na injini ya chuma ya silinda nne, lita 1.8. Mwaka 1967 ikazaliwa MGC: bodi ile ile, ndani yake injini ya chuma ya silinda sita ya karibu lita 2.9, nzito kuliko ya awali kwa zaidi ya kilo 90. Asilimia ya mbele ikapanda hadi kama 55 au 56. Waandishi waliolijaribu walilalamika kwamba linasukuma pua nje na usukani hauna uhai, na mwaka 1969 likaachwa.

Mwaka 1973 MG wakarudi na injini kubwa zaidi, V8 (silinda nane) ya lita 3.5 kutoka Rover. Kila aliyeamini kwamba silinda nyingi ni pua nzito alitarajia balaa. Lakini V8 hiyo ilikuwa ya alumini, na uzito wake haukuzidi ule wa silinda nne ya chuma iliyotangulia. Pia ni fupi, kwa hiyo inakaa nyuma zaidi kwenye boneti, ilhali ile ya silinda sita mstari mmoja ilijaza nafasi hadi mbele kabisa. MGB GT V8 ikapinda karibu sawa na ile ya silinda nne. Anayeuza gari kwa kuhesabu silinda anaficha mambo mawili: injini imetengenezwa kwa madini gani, na imekaa nyuma au mbele ya mstari wa ekseli. Mazda RX-7 ya 1978, yenye injini ndogo ya rota (isiyo na pistoni) iliyosogezwa nyuma ya ekseli ya mbele, inaitwa ya injini mbele kama MGC, na hayo mawili hayana undugu wowote barabarani.

Kati si dawa ya kila kitu

Ushindi wa injini ya katikati hauna ubishi. Jack Brabham alichukua ubingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1959 na 1960 akiwa na Cooper, gari la injini katikati, na baada ya hapo hakuna bingwa aliyerudi na injini mbele. Kutokana na hilo watu wamehitimisha kwamba gari la injini katikati ni salama na rahisi kwa kila mtu, na hapo wanakosea.

Faida kuu ya injini katikati haionekani kwenye asilimia. Inahusu umbali wa uzito kutoka kitovu cha gari. Fikiria mtu aliyebeba mzega, mizigo miwili ikining'inia kwenye ncha za mti begani: akitaka kugeuka, mizigo inachelewa kumfuata, na akishageuka inaendelea kumvuta. Mwenye uzito ule ule mgongoni anageuka papo hapo. Magari mawili yanaweza kuwa na 50:50 kamili, moja likiwa la namna ya kwanza na jingine la pili. Alfa Romeo Alfetta ya 1972 na Porsche 944 ya 1982 zina injini mbele na giaboksi nyuma pamoja na difu. Mgawanyo wao unavutia kwenye karatasi, lakini uzito umekaa kwenye ncha. Matokeo yake ni gari tulivu, lisilobabaika kwenye barabara ya mwendo mkali, linaloanza kuteleza taratibu na kumpa dereva muda. Mimi naona huo ndio ubora wake halisi, kuliko ile namba inayotajwa kwenye matangazo.

Lancia Stratos iko upande wa pili. Injini ya V6 ya Ferrari iko nyuma tu ya viti, na umbali kati ya ekseli ni milimita 2,180 peke yake. Linageuka kwa wazo tu, na ndivyo lilivyoipa Lancia ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1974, 1975 na 1976. Lakini kinachogeuka upesi kuingia kwenye kona hugeuka upesi pia kuelekea mtaroni. Mkia ukianza kwenda, dereva ana muda mfupi sana wa kuukamata, na kwa asiye na mikono ya kazi hiyo lile gari zito la mzega linasamehe zaidi. Magari ya Auto Union yanathibitisha hilo kwa njia nyingine: injini nyuma ya dereva na mbele ya ekseli ya nyuma, tangi katikati, mpangilio tunaousifu leo, na bado yalikuwa magumu mno kuendesha. Yalikuwa na ekseli za kubembea nyuma, matairi membamba, na nguvu zilizozidi uwezo wa matairi hayo. Mwaka 1938 ekseli hizo zilibadilishwa, na magari yakaanza kutii.

Kwenye gereji

Wenye magari haya hupenda kuurekebisha mgawanyo wenyewe. Kuhamisha betri hadi kwenye buti ndiko kunakopendwa zaidi. Betri ya kilo 15 iliyokuwa sentimita 30 mbele ya ekseli ya mbele, ikihamia sentimita 50 nyuma ya ekseli ya nyuma, inaongeza kilo 20 upande wa nyuma kwenye lile gari letu la mita 2.4. Ni asilimia mbili, si haba. Lakini betri imetoka ncha moja kwenda nyingine, waya mnene wa shaba umeongezeka kwa urefu wote wa gari, na uvivu wa gari kugeuka uko vile vile au umezidi. Betri nyepesi iliyofungwa chini, karibu na kiti, inafanya kazi nzuri zaidi. Mfuko wa mchanga kwenye buti ni mbaya kuliko yote: unaongeza uzito ambao breki na matairi lazima viubebe, na usipofungwa vizuri utahama katikati ya kona.

Wapo pia wanaoinua mkia kwa springi ndefu ili kusukuma uzito mbele. Inua nyuma ya gari hilo kwa milimita 30, na kitovu cha uzito kinasogea mbele kama milimita 6. Katika kilo 1,000 hizo ni chini ya kilo 3, sawa na mkoba wa spana. Gari litahisi tofauti, ni kweli, ila ni kwa sababu pembe za magurudumu na mwenendo wa springi zimebadilika.

Na ukiwa na springi zenye nati za kurekebisha urefu, usizizungushe ukitarajia asilimia ya mbele ihame. Kuikaza springi moja kunaongeza uzito kwenye gurudumu hilo na lile la mshazari wake, na kupunguza kwenye mawili yaliyobaki. Mbele kwa nyuma na kushoto kwa kulia hubaki karibu vile vile. Kinachotafutwa hapo ni mishazari miwili ikaribiane, ili gari lipinde sawa kulia na kushoto. Jaza upepo sahihi kwanza, weka mafuta kiasi unachoendesha nacho, mkalishe dereva au mzigo wa uzito wake kwenye kiti, na ufungue viungo vya stabilaiza kabla ya kusoma mizani. Vikifungwa tena, vifungwe gari likiwa bado juu ya mizani na dereva ndani, na urefu wake urekebishwe hadi boliti iingie bila kulazimishwa, la sivyo fimbo itakaa na mkazo wake na namba zote ulizozipata zitahama.